Madirisha ya Nyumba Aliyotuachia

Wapo wenzangu wengi hapa Uingereza wanaopita nilikopita: nyumba imepatikana kwa taabu, mkopo wa benki bado una miaka mingi mbele, na madirisha yameoza. Ukiwaambia ndugu nyumbani kwamba madirisha yanakukosesha usingizi, hawakuelewi. Kwetu Tanga dirisha ni nondo, wavu wa mbu na pazia, na kazi yake kubwa ni kuingiza upepo. Hapa Leicester upepo ukipenya dirishani mwezi wa kwanza, mtoto anaugua na mshahara unaishia kwenye gesi.

Mume wangu alifariki mwaka 2021. Nyumba tulikuwa tumeinunua mwaka 2019, nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na za majirani kulia na kushoto, iliyojengwa miaka ya 1890. Yeye ndiye aliyeipenda. Aliyapenda hasa madirisha yake ya mbao, yale ya kizamani yenye fremu mbili, ya juu na ya chini, zinazopanda na kushuka ndani ya kasha. Alisema atayatengeneza moja moja kila likizo. Mungu alimchukua kabla hajaanza hata moja, nikabaki na watoto wawili, kazi ya shifti za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na madirisha manane.

Matatu yako sebuleni, mahali ukuta unapotokeza mbele kuelekea barabarani. Mawili yako chumbani kwangu juu yake. Nyuma kuna la jikoni, la bafuni na la chumba cha watoto. Hilo la watoto ndilo lililokuwa adui yangu. Linatazama kaskazini, jua halilifikii, na asubuhi za baridi maji yalikuwa yakitiririka kwenye kioo upande wa ndani, yanakusanyika kwenye mbao ya chini, yanaingia ukutani. Pembeni mwa dirisha, nyuma ya kitanda cha mwanangu mdogo, kuvu nyeusi ilianza kama madoa ya kalamu. Nikaifuta kwa dawa. Ikarudi pana zaidi.

Mwanangu ana pumu. Daktari alipomsikiliza kifua aliniuliza swali moja tu kuhusu nyumba: je, chumba anacholala kina unyevu? Nilijibu ndiyo, nikatoka pale miguu haina nguvu. Ilikuwa majira yale ya mwaka 2022 ambapo gharama za nishati zilikuwa gumzo la kila nyumba. Kaya ya kawaida iliyokuwa ikikadiriwa kulipa pauni 1,277 kwa mwaka wakati wa kipupwe kilichotangulia sasa ilikadiriwa pauni 2,500, na hapo serikali ilikuwa imeshaingia kati kuizuia isipande zaidi. Nilikuwa nawasha hita saa moja asubuhi na saa moja jioni, kisha nazima. Kumbe nilikuwa naongeza tatizo: chumba kikipoa, mvuke wa pumzi na wa nguo tulizoanika ndani unagota kwenye kioo na ukuta wa baridi, unageuka maji.

Novemba ya mwaka huohuo habari za Awaab Ishak zilijaa kwenye televisheni. Mtoto wa miaka miwili, aliyefariki Desemba 2020 huko Rochdale, na mchunguzi wa vifo akathibitisha kwamba kilichomuua ni ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu kwenye nyumba yenye kuvu. Wazazi wake walikuwa wametoka Sudan, wakipanga. Mimi nilikuwa mwenye nyumba, hakuna wa kumlalamikia. Usiku ule sikwenda kazini. Nilivuta kitanda cha mwanangu katikati ya chumba, nikakaa naye.

Ndipo nilipoanza kutafuta mtu wa kubadilisha madirisha.

Aliyekuja kwanza alikuwa mtu wa mauzo wa kampuni moja. Alifika jioni, na nataka nieleze jioni ile vizuri kwa sababu najua wengi wameipitia. Hakuyagusa madirisha. Alipima upana na urefu kwa kifaa cha mwanga, akakaa kwenye kochi, akafungua katalogi ya madirisha ya plastiki yaliyotengenezwa yafanane na ya zamani. Akataja bei ya yote manane, pauni 13,000 na ushei. Nilipoinamisha kichwa akapiga simu kwa bosi wake mbele yangu, akarudi na bei mpya, pauni 8,900, lakini ni ya usiku huo tu. Kama sina taslimu upo mkopo wa miaka kumi. Saa ziliyoyoma. Watoto walikuwa hawajala. Akaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama kweli afya ya mtoto inaweza kusubiri.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Kilichonizuia ni kwamba marehemu mume wangu alikuwa na desturi ya kulala na karatasi yoyote kabla ya kuitia saini, na nikaona nimheshimu katika hilo. Nilimwambia yule bwana aniachie makadirio. Akasema bei hiyo haiachwi. Akaondoka nayo.

Nilikuja kuelewa baadaye umuhimu wa usiku ule. Sheria ya hapa inampa mnunuzi siku 14 za kubadili mawazo akiwa amesaini mkataba nyumbani kwake, na wengi wanajituliza kwa hilo. Lakini vitu vinavyotengenezwa kwa kipimo chako mwenyewe havimo kwenye ulinzi huo, na dirisha la nyumba yako ni la kipimo chako. Ukishasaini, unaweza kukuta hakuna mlango wa kutokea.

Lingine lilijitokeza nilipopiga simu manispaa. Mtaa wetu uko kwenye eneo linalohifadhiwa kwa historia yake, na kuna agizo linalowanyima wenye nyumba ruhusa ya kubadilisha sura ya mbele bila kuomba kibali. Nyuma naweza kuweka ninachotaka. Mbele, dirisha jipya lazima liwe la mbao na la mchoro uleule, au nipeleke maombi, nayo kwa plastiki yangekataliwa. Yule mtu wa mauzo hakugusia neno hata moja. Ningekuwa nimesaini, ningelipa mkopo wa miaka kumi na pengine niamriwe kuyang'oa.

Nilikata tamaa, sitaficha. Madirisha mapya ya mbao yenye vioo viwili, niliyoulizia kwenye karakana moja, yalikuwa zaidi ya pauni 2,000 kila moja. Zidisha kwa manane.

Msaada ulitoka nisikotarajia. Leicester ina historia na sisi watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, manispaa ya mji huu ililipa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Walikuja kwa maelfu, wakafungua maduka na viwanda, na mpaka leo ukiwa foleni dukani unaweza kusikia bibi wa Kigujarati akimwambia mwenzake jambo kwa Kiswahili ili wajukuu wasielewe. Mmoja wa wazee ninaowahudumia kazini ni mama wa aina hiyo, mzaliwa wa Jinja. Nilikuwa nikimnywesha chai alfajiri akaniuliza, "Mama, kwa nini macho yako mekundu?" Nikamweleza. Akaniambia anamjua fundi, Kalasinga, mtoto wa fundi, walisoma wote Jinja. Sasa ni mzee, hafanyi kazi kubwa, ila macho bado anayo.

Mzee yule alikuja Jumamosi na mfuko mdogo wa turubai. Nilimkaribisha chai akasema chai baadaye, kwanza dirisha. Alianzia sebuleni. Akatoa bisibisi, akawa anachoma mbao taratibu, shubiri kwa shubiri: kizingiti, kona za chini, maungio. Mahali pagumu bisibisi ilidunda na kutoa mlio mkavu. Mahali palipooza ilizama bila sauti. Kila ilipozama aliweka alama ya chaki. Nilimfuata nyuma nikihesabu alama, nikisubiri ziwe nyingi. Kwenye madirisha yote matatu ya sebuleni hazikufika hata kumi.

"Nani sema hii dirisha kwisha?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Jinja. "Hii mbao mzima, mama."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa mauzo angelifanya. Akakata rangi kwa wembe pembezoni, akang'oa ufito unaoshikilia fremu ya chini, akaitoa fremu nzima na kuiegemeza ukutani. Ubavuni mwa kasha kulikuwa na kipande cha mbao ambacho sikuwahi kukiona kwa wingi wa rangi. Akakichokonoa kikatoka, na nyuma yake kulikuwa na uwazi mwembamba kama bomba. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, akavuta chuma kirefu cha duara, kizito, kimeshika kutu juu juu, na kipande cha kamba ya pamba kimening'inia kichwani. Akaniwekea mikononi. Ndicho kinachobeba dirisha. Kila fremu ina vyuma viwili vya namna hiyo, kimoja kila upande, vinaning'inia ndani ya kasha kwa kamba inayopita juu ya kapi. Uzito wa vyuma ukilingana na wa fremu, mtoto analipandisha dirisha kwa kidole na linakaa pale ulipoliacha. Kamba zetu zilikuwa zimekatika miaka mingi, na wenye nyumba waliotangulia walikuwa wamepaka rangi juu ya rangi hadi fremu za juu zikagandamana na kasha.

"Sasa angalia hii," akasema, akanionyesha ncha ya mbao pale alipoichonga kidogo kwa patasi. Mistari ya mti ilikuwa imebanana kiasi kwamba sikuweza kuihesabu. Alinieleza kwamba mbao za zama zile zilitoka kwenye misonobari ya nchi za baridi kando ya bahari ya Baltiki, iliyokua polepole sana, na ndiyo maana zimekaa zaidi ya miaka 120 kwenye mvua ya Uingereza. Msonobari wa siku hizi unaokuzwa haraka mistari yake iko mbalimbali na unakunywa maji. Kuitoa mbao ile na kuweka mpya ya bei rahisi ni kutoa kizuri na kuingiza kibaya.

Alinionyesha na vipembe vidogo vinavyochomoza chini ya fremu ya juu, ambavyo nilidhani ni urembo. Zamani sana, akasema, madirisha ya namna hii yalikuwa na vioo vidogo vidogo vingi kwa sababu vioo vilikuwa ghali. Kulikuwa na kodi ya vioo hadi mwaka 1845, na kodi ya madirisha yenyewe, ambayo ilianza mwaka 1696 na kufutwa 1851. Ndiyo maana ukitembea miji ya Uingereza unaona nyumba za zamani zenye madirisha yaliyozibwa kwa matofali. Kodi zilipoondoka na viwanda vikaweza kutoa vioo vipana, watu wakapenda fremu yenye vioo viwili tu au kimoja kikubwa. Mbao za kugawa zikapungua, uzito ukaongezeka, na maungio ya pembeni yakahitaji nguvu. Vile vipembe ndivyo vinavyoshika maungio. Madirisha yangu, yenye vioo viwili juu na viwili chini, ni ya zama zile. Nilisikia fahari kidogo, ya kwanza tangu msiba. Nikaona alichokiona mume wangu.

Hukumu yake ilikuwa tofauti kwa kila dirisha, na hapo ndipo mzigo wangu ulipopungua. Mimi nilikuwa nalibeba tatizo kama kitu kimoja cha pauni elfu nyingi. Yeye aliligawa. Matano ya mbele yatengenezwe: sehemu zilizooza zikatwe na kupachikwa mbao mpya, kamba zote zibadilishwe, fremu ziachanishwe na rangi, na pembezoni ichimbwe mifuo ya kuweka brashi nyembamba za kuzuia upepo. Kila dirisha lingenigharimu mia kadhaa za pauni, si elfu. Upepo mwingi uliokuwa unatutesa, akasema, haupiti kwenye kioo. Unapita pale fremu mbili zinapokutana katikati na kwenye nyufa za pembeni. Akawasha njiti ya ubani, akaipitisha pale katikati, na moshi ukalala chali.

Kioo kimoja kitabaki kioo kimoja, hilo hakunificha. Kinapoteza joto kama mara tatu au zaidi ya dirisha jipya la vioo viwili. Lakini chumbani kwangu naweza kuongeza kioo cha pili kwa ndani, kwenye fremu yake nyembamba, bila kugusa la mbele wala kuomba kibali, na sebuleni pazia nzito zitasaidia jioni.

La watoto, hapana. Huko bisibisi ilizama mpaka mpini, kwenye kizingiti na kwenye kasha lenyewe. "Hii toa yote," akasema, na akanyamaza kwa heshima kwa sababu aliona uso wangu.

Kwa hilo moja nilichagua kwa makini kuliko nilivyowahi kuchagua kitu chochote. Nyuma ya nyumba ningeweza kuweka plastiki ya bei nafuu, na jikoni na bafuni nilifanya hivyo bila majuto. Ni vyumba vya mvuke, vinataka kitu cha kufuta kwa kitambaa na feni ya kutoa hewa. Lakini chumbani kwa watoto nilitaka dirisha la kupanda na kushuka. Sababu ni hii: fremu ya juu ukiishusha kidogo, hewa ya joto yenye unyevu inatoka juu, na ya chini inabaki imefungwa. Mtoto hawezi kuanguka, na chumba kinapumua usiku. Nilitaka pia kifaa cha kuzuia fremu ya chini isifunguke zaidi ya sentimita 10, cha aina ambayo mtu mzima anaweza kukiachia haraka, kwa kuwa dirisha la chumba cha kulala ghorofani ndilo njia ya kutokea moto ukiwaka. Hapa kanuni zinataka uwazi wa kutosha mtu kupita, angalau theluthi ya mita ya mraba, na upana na urefu usiopungua milimita 450. Waulizeni wauzaji kuhusu hilo. Mimi niliuliza watatu, mmoja tu ndiye aliyejibu bila kutafuta kwenye simu.

Mbao ilinisumbua. Karakana ilinipa sapele, mti mwekundu wa misitu yetu, unaoota kuanzia Afrika Magharibi kupita Kameruni na Kongo hadi Uganda. Mzee Kalasinga alinusa kipande akafumba macho. Baba yake alipiga randa mbao za jamii hiyo huko Uganda. Ni mbao nzuri, inadumu. Nyingine ilikuwa Accoya, msonobari unaopikwa kiwandani kwa dawa ya jamii ya siki mpaka unakataa kunywa maji. Watengenezaji wanatoa dhamana ya miaka 50 usioze ukiwa juu ya ardhi. Kwa ukuta usioona jua nilichukua Accoya. Na kwa kuwa vioo viwili ni vizito kuliko kimoja, vile vyuma vya zamani visingetosha ndani ya kasha. Ilibidi vitengenezwe vya risasi, kwani risasi ni nzito zaidi kwa ukubwa uleule.

Juu ya fremu kuna tundu dogo jembamba la kupitisha hewa hata dirisha likiwa limefungwa. Nilitaka kulikataa, kwa nini nilipe kuzuia upepo kisha nitoboe tundu? Ila tangu Juni 2022 kanuni za England haziruhusu dirisha jipya liache chumba na hewa kidogo kuliko mwanzo, na nilipoelewa sababu nililikubali kwa moyo mmoja. Ukiziba kila ufa na ukaendelea kuanika nguo ndani, kuvu inahamia kwenye kabati.

Sasa fedha. Hapa nataka kuwataja dada zangu, ingawa majina yao nayahifadhi. Tuko wanawake wa Kiswahili kumi na wawili, wa Mombasa, Tanga, Bukavu, Bujumbura, tunaocheza upatu kila mwisho wa mwezi. Zamu yangu ilikuwa karibu na mwisho. Niliposimulia habari ya chumba cha watoto, dada wa Bujumbura aliyekuwa anapokea mwezi ule alisema, "Mama, pokea wewe, mimi nina koti." Hakusema zaidi. Aliyefuata naye akanipisha. Kwa fedha ile nililipa kianzio cha dirisha la watoto, na mengine nikayafanya moja moja kadiri mshahara ulivyoruhusu, yaliyo mabaya zaidi kwanza, kama mume wangu alivyopanga.

Kazi nyingine tulifanya wenyewe. Mzee alinifundisha kubandua pati kuukuu kwenye vioo bila kuvivunja na kuweka mpya, ya chaki na mafuta ya kitani, inayokaa wiki kadhaa kabla ya kupakwa rangi. Rangi ya zamani alinikataza kabisa kuipiga msasa mkavu. Katika nyumba za umri huu tabaka za chini zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Tulilowesha kwanza, tukaparua kwa upole, mabaki tukayafunga kwenye mifuko, na watoto siku hizo walishinda kwa dada wa Mombasa. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa haongei tangu baba yake azikwe, alirudi akaomba ashike brashi. Alipaka kizingiti cha sebuleni peke yake, mkono ukitetemeka. Alipomaliza aliuliza kama baba angekubali mstari ule. Mzee Kalasinga ndiye aliyemjibu, kwamba mstari umenyooka.

Madirisha mapya ya nyuma yalikuja na cheti cha kuthibitisha kwamba yamewekwa kufuata kanuni. Nimekitia kwenye bahasha moja na hati ya nyumba, kwa sababu siku ukiuza, wakili wa mnunuzi atakidai. Kazi hiyo ya vyeti ilianza mwaka 2002, na fundi aliyesajiliwa anajithibitishia mwenyewe. Asiyesajiliwa, inabidi uwaite wakaguzi wa majengo wa manispaa na kulipa ada. Uliza kabla hujalipa.

Kipupwe kilichofuata dirisha la watoto lilikuwa na ukungu mwembamba tu pembeni asubuhi, nao uliondoka kabla hawajaamka. Kuvu haijarudi kwenye ukuta ule. Mwanangu bado ana pumu, na sitasema dirisha limemponya, lakini usiku analala hadi asubuhi na kile kifaa chake cha kuvutia dawa hakiko tena chini ya mto. Sebuleni bado kuna baridi kuliko kwa jirani mwenye plastiki. Nakubali. Tunavaa soksi.

Wiki chache zilizopita dada yetu wa Bukavu aliniomba nikae naye, mtu wa mauzo anakuja. Alikuwa kijana mwenye adabu, katalogi yake inafanana na ile niliyoonyeshwa mimi. Alipotaja jumla, nilimwomba aandike bei ya kila dirisha peke yake, kodi ya asilimia 20 ikiwemo, na kando ya kila moja aandike limeoza wapi. Akasema bei hiyo ni ya leo tu. Dada akamwambia kwa upole, basi leo hatununui. Kijana alitutazama, akaitazama saa yake, kisha akatoa kalamu mfukoni na kuuliza tunataka aanze na lipi.